TOPE LA SAITI: SHERIA INASEMAJE NA UFANYE NINI

Kila masika mitaro ya Dar inaziba na lawama zote tunaitupia mvua. Lakini sehemu ya udongo huo imetoka kwenye saiti za ujenzi zilizofyekwa na kuachwa wazi. Nimeona niyaweke hapa yanayotakiwa, kwa kifupi.

SHERIA
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au ufukwe wa bahari. Miradi mikubwa lazima ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza, sio katikati ya kazi. Ripoti yake huwa na mpango wa usimamizi wa mazingira, na hapo ndipo mkandarasi anapobanwa: udongo atamwaga wapi, maji atayapitisha wapi.

SAITI
1. Usifyeke kiwanja chote kwa mpigo. Mizizi ndiyo inayoshika udongo.
2. Upande wa juu chimba mtaro, maji ya mvua yazunguke saiti yasiikatize.
3. Upande wa chini panga magunia ya mchanga. Maji yanapita polepole, tope linabaki.
4. Saiti kubwa ichimbe bwawa la kutuamisha tope, na lizolewe kabla halijajaa.
5. Lundo la mchanga lisikae mtaroni. Lifunike turubai.
6. Getini mwaga kokoto, malori yasitoke na tope.
7. Uchimbaji mkubwa usiuanze Machi hadi Mei.

KWA NINI TUJALI
Mto Msimbazi unatokea vilima vya Pugu, unakatiza jiji hadi baharini. Ukifika bonde la Jangwani maji yanapunguza kasi, udongo unatua, kina kinapungua, na maji yanahamia kwenye nyumba za watu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar. Tope la saiti sio sababu pekee, mvua ilikuwa kubwa na mabondeni kumejengwa. Ila kila lori la udongo linaloishia mtoni linakula nafasi ya maji.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 4 na 5, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na haki ya kuidai. Kwa hiyo tope likiingia uani kwako usinung'unike tu. Piga picha, andika tarehe, anza na serikali ya mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri.

Mtaani kwenu hali ikoje wadau? Karibuni tujadili.