Goshini na Demani: Lugha ya Mashindano ya Vyombo Vidogo vya Tanga

Mwalimu wa Kiswahili asomeshaye Kikwe, katika tambarare iliyo chini ya Mlima Meru, yu mbali na pwani kwa zaidi ya kilomita 300. Hata hivyo wanafunzi wake hukariri methali isemayo "Tezi na omo, marejeo ni ngamani", na wengi wao hawajapata kuona tezi, wala omo, wala ngama. Nahodha wamjuaye ni wa timu ya mpira. Rubani wao hupita angani akielekea kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971. Na mrengu, ambao asili yake ni mti ufungwao ubavuni mwa ngalawa ili isipinduke, wameusikia katika habari za siasa tu, wa kushoto na wa kulia. Hivyo ndivyo lugha ya baharini ilivyopanda bara: ilipewa kazi mpya, na ile ya kwanza ikabaki pwani.

Hasara yake haionekani mpaka mfasiri akabidhiwe maandishi yanayodai maana ya kwanza. Tuchukue kanuni za kimataifa za mashindano ya mashua ndogo za tanga. Mojawapo yaamuru kwamba vyombo viwili vikienda sambamba, matanga yao yakiwa yameelekea upande mmoja, kile kilicho upande upepo utokako hakina budi kukipisha kile kilicho upande upepo uendako. Mfasiri wa bara huandika "chombo kilicho upande wa upepo". Upande upi? Katika upepo mwanana wabishi wataamuliwa ufukoni. Lakini kusi likivuma kwa nguvu, tena kwa mapigo ya ghafula, juu ya maji machache yenye mafungu ya mchanga, nafasi ya kushauriana haipo: asiyepisha hugonga, na aliyebanwa hupanda fungu.

Mabaharia wetu walikwishalimaliza shauri hili zamani. Upande upepo utokako ni goshini, au joshini kwa wengine. Upande uendako ni wa demani. Edward Steere aliyaandika maneno haya katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, nayo yalikuwa ya kale hata wakati huo. Yametoka katika tanga lenyewe. Goshi ni pembe ya mbele, ifungwayo kuelekea upepo. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma, ivutwayo au kulegezwa. Ndugu zake wamo katika Kiarabu cha mabaharia wa Ghuba, na nyuma ya hapo katika Kiajemi, ambamo gosha ni pembe na daman ni pindo la nguo. Demani pia ni majira, kusi linapopungua nguvu. Wapo waonao kwamba neno lenye maana tatu halifai kuwa istilahi. Mimi sioni hivyo. Hakuna baharia aliyeambiwa "legeza demani" akangoja mwezi wa tisa.

Katika mashindano ya Lamu, mabaharia husogea juu ya ubao uliotokeza goshini ili kuuzuia mlalo wa chombo. Katika ngalawa hupanda juu ya miti ishikayo mrengu. Pigo la upepo likija, mshika usukani huelekeza omo goshini kidogo, au demani hulegezwa, na mara nyingi yote mawili kwa pamoja. Kwenda dhidi ya upepo kwa kukata huku na huku ni kubisha, neno ambalo Arusha humaanisha kugonga mlango au kukaidi.

Vilabu vya wazungu vya enzi ya ukoloni, Mombasa na Dar es Salaam, viliendesha mashindano yao kwa Kiingereza, ngalawa zikipita kando. Hata Kenya iliposhiriki mashindano ya matanga ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, yaliyofanyika Naples, mshika usukani wake alikuwa Anthony Bentley-Buckle, Mwingereza. Si ajabu basi kwamba lugha mbili za tanga zilikaa katika bahari moja bila kusalimiana.

Palipo na pengo la kweli ni chini ya chombo. Mashua ndogo za mashindano zina ubao upitao katika tundu la sakafuni na kushuka majini, ili chombo kisisukumwe demani. Kwenye maji machache ubao huo huinuliwa nusu, na papo hapo chombo huanza kuteleza upande. Mshindani hulipima jambo hili kila apitapo juu ya fungu. Mkuku si jina lake, kwa kuwa mkuku hauondolewi, na ngalawa haina kitu cha namna hiyo. Nionavyo, "ubao wa mkuku" latosha kwa sasa. Kabla ya kuliingiza katika orodha, yafaa lipelekwe kwa mafundi wa Lamu na Nungwi, nao waseme wangekiitaje kitu hicho kama wangetakiwa kukichonga.