Joho Halikufika Chita, Shahada Ilifika

Hebu jiulize: mhitimu anakuwa mhitimu saa ngapi hasa? Akikabidhi karatasi ya mtihani wa mwisho? Akivaa joho? Mimi swali hili lilinikuta Chita, chini ya milima ya Udzungwa, kwenye njia ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba, Ijumaa ya tarehe 25 Septemba 2020.

Siku hiyo Chuo Kikuu cha Nairobi kilifanya mahafali yake ya 63, na kwa mara ya kwanza kiliyafanya kwa mtandao. Korona ilikuwa imefunga vyuo vya Kenya tangu Machi. Kwetu Tanzania vilifungwa mwezi huohuo ila vikafunguliwa tarehe 1 Juni, kwa hiyo wengi wenu hamkuionja adha hii. Binti wa mama yangu mdogo aliionja. Alikuwa amemaliza masomo Nairobi, karudi nyumbani kusubiri siku yake, na siku yake ikageuka kuwa kioo cha simu.

Mama mdogo hakuridhika. Mpunga aliouza miaka yote ile ili kulipa ada, halafu mwanawe atunukiwe shahada akiwa kwenye mkeka uani? "Hiyo ni shahada kweli?" aliuliza. Tusimcheke. Historia yenyewe imehangaika na swali lake.

Kwenye vyuo vya kwanza vya Ulaya, kama Bologna na Paris, shahada ilikuwa kibali cha kufundisha. Huko Bologna mhitimu alipewa kitabu, pete na kofia mbele ya walimu wenzake. Kuwepo kwao hakukuwa mapambo. Walikuwa mashahidi, watu wa kusema kesho kwamba huyu tulimpokea sisi. Na lile joho? Lilikuwa vazi la kila siku la wasomi, wengi wao watu wa kanisa, kwenye majengo yenye baridi. Sisi tumelirithi tukalivaa juani. (Neno lenyewe, lakini, ni la pwani yetu: joho ni lile vazi refu la heshima linalovaliwa juu ya kanzu.)

Baadaye daftari la chuo likachukua kazi ya mashahidi. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu ambao hawakusoma hapo, na karatasi zikaanza kusafiri kwa meli. Afrika Mashariki tunaijua njia hiyo: Makerere iliingia uhusiano na London mwaka 1949, na chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, nacho kilianza chini ya London. Mwaka 1989 Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini akiwa bado mfungwa. Mahafalini hakuwepo, na hakuna aliyesema shahada ile ni nusu.

Kinachofanya kazi ni mambo mawili tu: Seneti ipitishe matokeo, kisha Mkuu wa Chuo atamke kwamba anawatunuku. Kama umewahi kwenda kwenye ndoa ya Kiislamu utaelewa upesi. Bi harusi anaweza kuwa chumba kingine kabisa. Walii akiozesha na bwana harusi akakubali, mbele ya mashahidi, ndoa imefungwa. Hajasikia hata neno moja, lakini ni mke wa mtu.

Mwaka ule watu walijaribu kila namna. Tokyo, mwezi Machi, chuo kimoja kilivalisha roboti majoho, sura za wahitimu zikiwa kwenye vioo vya kompyuta. Makerere iliahirisha mahafali yake ya 71 ya Januari 2021 hadi Mei, na hata hapo wachache ndio walikaa uwanjani, wengine wakafuatilia kwa mtandao.

Ila kuna jambo moja ambalo wanaolalamikia mahafali ya mtandao hulipita haraka. Ukiwa Chita, mahafali ya kawaida nayo uko mbali nayo. Kutoka hapa kwenda Nairobi ni siku za safari, nauli, malazi na nguo mpya, na ukifika bado kadi za mwaliko zina hesabu. Mama mdogo asingekwenda. Angeletewa picha. Bibi ndiyo kabisa.

Basi Ijumaa ile tulikuwa watu kumi na kitu chini ya mwembe, mahali mtandao unaposhika, simu imeegemezwa kwenye kinu. Picha ilikuwa inaganda, sauti inatangulia. Ilipofika zamu ya fani yake, wahitimu wakaombwa wasimame, kama ilivyo desturi. Binti alikuwa amejifunga kitenge. Akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

Mkuu wa Chuo akatamka maneno yake kwa Kiingereza. Mama mdogo akamgeukia mwanawe.

"Tayari?"

"Tayari, mama."

Vigelegele vikaanza hapo, simu ikiwa imeshaganda tena.