Mtetemo si mtikisiko

Nyota ikitoka kwenye picha kama punje ya mchele badala ya nukta, mpiga picha za anga huanza kumsaka mkosaji. Je, ni upepo? Ni mguu uliogonga stendi ya darubini? Au ni ile feni aliyoifunga mwenyewe nyuma ya kamera ili kuipoza? Kiswahili kina majina mawili ya makosa haya, mtikisiko na mtetemo, nami nasihi yasichanganywe.

Kwanza, kwa nini feni iwepo. Kihisi cha kamera huzalisha elektroni hata gizani kwa sababu ya joto lake chenyewe, na elektroni hizo hupungua kwa takriban nusu kila joto linaposhuka nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Usiku wa pwani wenye nyuzi 25, ukikishusha kihisi hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, utakuwa umezipunguza karibu mara 32. Wanaojiundia vipozaji nyumbani hutumia kidude kinachofuata ugunduzi wa Mfaransa Jean Peltier wa mwaka 1834: umeme ukipita, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto. Upande wa moto hubandikwa bamba la alumini lenye mapezi, feni ikalipuliza. Feni ikizimwa, joto hurudi upesi.

Sasa maneno. Kutikisa kunamtaka mtendaji: watoto huutikisa mwembe, maembe yakadondoka, mti ukatulia. Kutetema hakumtaki. Mwenye homa hutetema chini ya blanketi bila kuguswa na mtu, wala haachi mpaka homa imwachie. Feni iko hivyo. Mapanga yake hayalingani uzito sawasawa, kwa hiyo kila mzunguko huivuta kamera kidogo. Ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, hiyo ni mara 20 kwa sekunde. Katika picha ya dakika 2, nyota imepelekwa na kurudishwa mara 2,400. Hilo ni tetemo la ndani, la kujirudia, lenye hesabu. Ni mtetemo.

Wapo wanaoandika mtikisiko kwa yote mawili. Ubaya wake ni kwamba neno hubeba tiba. Anayesoma “mtikisiko” hukaza: hukaza stendi, hukaza skrubu za feni. Kwa upepo amefanya sawa. Kwa feni amezidisha ugonjwa, maana skrubu iliyokazwa chuma kwa chuma ndiyo njia ambayo mtetemo hupitia kwenda kwenye kihisi.

Mtetemo hutibiwa kwa kutenganisha. Feni ininginizwe kwa vipande laini vya mpira, hata ule wa manati, na sponji izibe mwanya ili hewa isivuje. Mpira uwe laini kweli. Mgumu haukingi kitu. Waya nao ulegee, kwa sababu waya uliovutika huupitisha mtetemo vilevile. Bora zaidi ni feni kubwa inayokwenda polepole: ukipunguza kasi kwa nusu, nguvu ya mvuto ule hubaki robo, ilhali hewa hupungua kwa nusu tu, na upana wa feni huifidia.

Kuna mtego hapa, nao unahitaji istilahi yake. Kila bomba la darubini lina kasi yake ya asili ya kutetema. Feni ikiifikia kasi hiyo, bomba hudaka na kuongeza, kama waitikiaji wanavyompokea mwimbaji. Napenda hali hiyo tuiite mwitikio. Kwa sababu yake, kupunguza kasi ya feni kunaweza kuharibu picha iliyokuwa nzuri, na kuipunguza tena kidogo kukaitengeneza.

Kumtambua mkosaji ni kazi ya dakika moja. Piga picha ya sekunde 10 feni ikizunguka, kisha nyingine ya sekunde 10 ikiwa imezimwa, na uiwashe mara moja kabla bamba halijapata moto. Nyota zikiwa punje katika ya kwanza na nukta katika ya pili, andika “mtetemo” kwenye daftari lako na ulegeze skrubu. Zikiwa punje katika zote mbili, iache feni. Kagua stendi, upepo, na mota inayoifuata nyota.