Lithiamu na Upimaji wa Damu: Historia ya Usalama wa Tiba ya Maradhi ya Baipola, 1948–1970

Insha hii inachunguza jinsi lithiamu ilivyopata nafasi katika tiba ya maradhi ya baipola. Katika maradhi haya mgonjwa hupitia vipindi vya msisimko wa kupindukia, akipungukiwa na usingizi huku maneno na mipango ikimzidi, na vipindi vingine vya huzuni nzito. Masimulizi mengi humtukuza mgunduzi wa tiba hii. Hoja kuu ya insha hii ni kwamba ugunduzi haukutosha kuifanya dawa kuwa salama. Usalama uliletwa na upimaji wa damu.

John Cade, daktari wa Australia aliyewahi kuwa mfungwa wa vita huko Changi, Singapore, alifanya utafiti wake katika hospitali ya Bundoora, Melbourne. Aliwadunga wanyama wadogo wa maabara chumvi za lithiamu, akaona wametulia. Machi 1948 alianza kumtibu mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa katika msisimko kwa miaka mitano. Kufikia Julai mgonjwa huyo alirudi nyumbani na kushika tena kazi yake ya zamani. Makala ya Cade ya Septemba 1949 ilihusu wagonjwa 10 wenye msisimko, 6 wenye skizofrenia na 3 wenye huzuni nzito. Nafuu kubwa ilionekana katika kundi la kwanza. Kwa hiyo utambuzi wa maradhi ulipata uzito mpya, kwani kumwita mgonjwa mwendawazimu tu hakukumwonyesha daktari tiba inayomfaa.

Hata hivyo, mgonjwa yule wa kwanza aliacha dawa, maradhi yakamrudia, akaanzishiwa dawa upya. Mwaka 1950 alifariki kwa sumu ya lithiamu, na Cade akasitisha matumizi yake hospitalini. Nchini Marekani nako, mwaka 1949, kloridi ya lithiamu iliyouzwa badala ya chumvi ya mezani ilisababisha vifo miongoni mwa wagonjwa wa moyo, ikaondolewa sokoni. Chanzo kinaeleweka: figo huishughulikia lithiamu kama sodiamu. Mtu anayenyimwa chumvi huhifadhi sodiamu, na pamoja nayo lithiamu, hadi ikawa sumu.

Njia ya kutoka katika hatari hiyo ilipatikana Melbourne kwenyewe. Mwaka 1951 Noack na Trautner walitoa taarifa ya wagonjwa zaidi ya 100 waliotibiwa bila kifo, huku kiasi cha lithiamu katika damu kikifuatiliwa. Mwaka 1954 Mogens Schou na wenzake wa Risskov, Denmark, walichapisha jaribio la wagonjwa 38 lililolinganisha dawa na kidonge kisicho na dawa. Mwaka 1970 Baastrup na Schou walionyesha kuwa, kati ya wagonjwa 39 waliobadilishiwa kidonge kisicho na dawa, 21 walirudiwa na maradhi. Kati ya 45 walioendelea na lithiamu, hakuna aliyerudiwa. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa tiba ya msisimko.

Kanuni za leo zimejengwa juu ya historia hiyo. Damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na kiwango kinacholengwa kwa kawaida ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita. Figo na tezi ya thairoidi huchunguzwa mara kwa mara. Kuhara, kutapika, upungufu wa maji mwilini, dawa za kuongeza mkojo na baadhi ya dawa za maumivu, kama ibuprofeni, huweza kupandisha kiwango hicho. Mgonjwa anayetetemeka sana, kuyumba au kuchanganyikiwa anahitaji kupimwa mara moja.

Kwa kuhitimisha, dawa iliyomrudisha mgonjwa wa kwanza kazini ndiyo iliyomuua. Kilichokosekana kwake ni kipimo. Kwa hiyo, hospitali inayotoa lithiamu bila maabara ya kuipima inamrudisha mgonjwa wake katika hali ya mwaka 1950.