Jiwe Lililoanguka ni la Nani? Vimondo vya Mbozi, Ivuna na El Ali

Mwezi Julai 2025, katika mnada wa Sotheby's mjini New York, jiwe la kilo 24.67 liliuzwa kwa takriban dola milioni 5.3 za Marekani, ada zote zikijumlishwa. Asili ya jiwe hilo ni sayari ya Mirihi. Liliokotwa Novemba 2023 katika jangwa la mkoa wa Agadez, nchini Niger. Baada ya mnada, serikali ya Niger ilianzisha uchunguzi ili kujua jiwe lilivukaje mipaka yake, ikasimamisha pia usafirishaji wa vito na vimondo. Wakati huo jiwe lilikuwa limekwishapata mnunuzi.

Kisa hicho kiliwashangaza wengi kwa sababu ya bei. Kwa sisi tunaotoka Afrika Mashariki na nchi jirani, kinatukumbusha jambo la zamani zaidi. Kwetu pia vimondo vimeanguka, vimepewa majina, vimepimwa, vimekatwa na vingine vimeuzwa. Makala haya yanafuata safari za vimondo vitatu, cha Mbozi, cha Ivuna na cha El Ali, ili kuonyesha kwamba kulijua jiwe kabla ya watu wengine hakujawahi kutosha kulibakiza nyumbani. Kilichoamua ni kama jiwe liliandikwa, na kama sheria ilikuwapo siku alipofika mtu wa kulitaka.

Neno na kitu

Kiswahili kinatumia neno moja kwa vitu viwili. Kimondo ni ule mwanga unaochora mstari angani usiku na kutoweka. Kimondo pia ni jiwe au pande la chuma lililofika ardhini. Kamusi za zamani zina umbo la kimwondo. Wazee wa pwani walieleza kwamba vimondo ni vijinga vya moto ambavyo malaika huwarushia mashetani wanaopanda kusikiliza siri za mbinguni, itikadi yenye mizizi katika Qurani. Katika maelezo hayo kimondo ni moto, hakuna kitu cha kuokota. Mtu wa Mbozi akitaja kimondo, anamaanisha kitu kizito unachoweza kukigusa.

Tusidhani kwamba Ulaya walitutangulia sana katika jambo hili. Hadi mwishoni mwa karne ya 18 wasomi wengi wa huko walimcheka mkulima aliyesema ameona jiwe likidondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1794 Mjerumani Ernst Chladni alichapisha kitabu akitetea kwamba mawe hayo hutoka nje ya dunia. Wengi hawakumwamini. Kisha tarehe 26 Aprili 1803 mawe zaidi ya 2,000 yakanyesha karibu na mji wa L'Aigle, Ufaransa. Mwanasayansi Jean-Baptiste Biot alitumwa huko, akawahoji wanavijiji, akapima eneo na kuandika ripoti. Ushahidi wa watu wa kawaida, ulipoandikwa kwa utaratibu, ukawa elimu. Tangu hapo makumbusho ya Paris, London na Vienna yakaanza kushindana kukusanya vimondo.

Jinsi mawe yalivyopata bei

Kitu kikianza kutafutwa, hupata bei, na kikipata bei huzua kesi. Mnamo Mei 1890 kimondo cha kilo 30 hivi kiliangukia shamba moja katika jimbo la Iowa, Marekani. Aliyekichimbua hakuwa mwenye shamba. Alikiuza kwa mwanajiolojia kwa dola 105. Mwenye shamba akashtaki, na mwaka 1892 Mahakama Kuu ya Iowa ikaamua kwamba jiwe lililoanguka na kuzama ardhini ni sehemu ya ardhi, hivyo ni la mwenye ardhi. Hukumu hiyo bado inatajwa.

Uwindaji wa vimondo kama kazi ya kudumu unahusishwa zaidi na Harvey Nininger, mwalimu wa biolojia katika chuo kidogo cha Kansas. Novemba 1923 aliona mpira wa moto ukipita angani, na kuanzia hapo akaanza kuzunguka mashambani na shuleni akionyesha mfano wa kimondo na kuahidi kununua chochote kinachofanana nacho. Mawe ambayo wakulima walikuwa wameyasukuma pembeni ili jembe lipite yakageuka mali. Mwaka 1958 makumbusho ya British Museum ilinunua sehemu ya mkusanyo wake, na baadaye sehemu iliyobaki ikaenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Kwa hiyo mwokotaji, mfanyabiashara, mkusanyaji na mwanasayansi wamekuwa katika mnyororo mmoja kwa muda mrefu. Kinachobadilika ni nani anashika mwanzo wa mnyororo huo na anapata nini.

Mbozi: kilichobaki

Kimondo cha Mbozi kiko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, katika mkoa ambao leo unaitwa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 na zaidi, linalokadiriwa kuwa na tani 16. Karibu asilimia 90 ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Hakuna shimo lililoonekana pale kilipoangukia, dalili kwamba kilianguka maelfu ya miaka iliyopita na udongo ukapata muda wa kuziba alama zake.

Wenyeji walikijua kabla ya mtu yeyote kutoka nje. Wanyiha wa eneo hilo walikuwa wahunzi mashuhuri waliojenga matanuri na kuyeyusha chuma chao wenyewe. Hata hivyo vitabu vingi huanza historia ya kimondo hiki mwaka 1930, mpima ardhi William Nott kutoka Johannesburg alipokitolea taarifa. Desemba mwaka huohuo D. R. Grantham wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika alifika na msumeno wa chuma. Kukata kipande cha sentimita 10 kwenye ncha nyembamba kulimchukua saa 10. Sampuli ikapelekwa London.

Saa hizo 10 zinaeleza mengi. Kimondo kilibaki Mbozi kwanza kwa sababu kilikuwa kigumu na kizito mno. Lakini uzito peke yake hautoshi, kama tutakavyoona. Udongo ulichimbwa kukizunguka, ukaachwa mhimili chini yake na kujengewa msingi wa saruji, na mwaka 1967 kikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa inayolindwa kisheria. Leo kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na wanafunzi hupelekwa kukiona.

Ivuna: kilichotawanyika

Katika mkoa huohuo wa Songwe, upande wa Ziwa Rukwa, kuna mahali paitwapo Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka pale kimondo cha namna nyingine kabisa. Jumla ya vipande vyake ilikuwa gramu 705 hivi, uzito ambao mtu hubeba mkononi bila kuuhisi. Kilikuwa cheusi, laini, chenye kaboni na madini yaliyowahi kuguswa na maji.

Baadaye ilibainika kwamba ukiondoa gesi nyepesi kama hidrojeni na heli, mchanganyiko wa elementi katika jiwe la Ivuna unakaribiana sana na ule wa Jua lenyewe. Ni mabaki ya malighafi ambayo kwayo sayari zetu ziliumbika. Vimondo vya aina hii vilivyoshuhudiwa vikianguka ni vitano tu duniani kote, na kundi zima linaitwa CI: C kwa kaboni, I kwa Ivuna. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta takriban gramu 5.4 za udongo kutoka asteroidi Ryugu mwishoni mwa 2020, watafiti waliulinganisha na vimondo wanavyovijua na kutangaza kwamba unafanana na kundi la Ivuna. Jina la kijiji cha Tanzania limekuwa kipimo cha kimataifa.

Jiwe lenyewe liligawanyika. Vipande vilifika katika makumbusho na mikononi mwa watu binafsi. Kipande kikubwa zaidi, cha gramu 202, kilikuwa katika mkusanyo binafsi Marekani hadi mwaka 2008, Makumbusho ya Historia Asilia ya London ilipokinunua. Yaani kilianguka katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza, kikafika Marekani, na Uingereza ikakinunua tena. Katika mauzo hayo yote Ivuna ilichangia jina tu.

El Ali: kilichoondoka

Anayefikiri kwamba Mbozi ilisalimika kwa uzito wake aangalie Somalia. Karibu na El Ali, katika eneo la Hiiraan, kulikuwa na kimondo cha chuma cha tani 15.2, karibu sawa na cha Mbozi. Wafugaji wa ngamia walikijua kwa vizazi kadhaa kwa jina la Shiid-birood, yaani jiwe la chuma. Walikitumia kunolea visu, na kilikuwamo katika nyimbo na mashairi yao. Watu wa nje walikitambua kuwa kimondo mwaka 2020. Kipande cha gramu 70 kilifika Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba ndani yake kuna madini ambayo hayajawahi kuonekana katika maumbile. Moja likaitwa elaliiti, kwa jina la mahali.

Kufikia hapo kimondo kilikuwa kimeng'olewa mahali pake. Taarifa zilizofuata zilieleza kwamba kimesafirishwa hadi China kikisubiri mnunuzi. Kwa hiyo tani 15 zinabebeka, pesa zikiwapo na pasipokuwa na dola yenye nguvu ya kuuliza.

Mbozi na El Ali vinafanana kwa chuma, kwa uzito, na kwa kuwa wenyeji walivijua na kuvipa majina. Tofauti kubwa ni kwamba kimoja kiliingia katika orodha ya urithi wa taifa miaka mingi kabla bei za vimondo hazijapanda, na kingine kilitambuliwa rasmi katika nchi iliyochoshwa na vita, soko likiwa tayari linasubiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Omani: daftari na sheria

Wengi katika chama chetu wana ndugu Omani, na huko kuna funzo. Jangwa la Omani huhifadhi vimondo vizuri kwa sababu ya ukavu wake, na jiwe jeusi huonekana kwa urahisi kwenye ardhi nyeupe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wawindaji kutoka nje walimiminika huko, wakapata hata mawe ya Mwezini na ya Mirihi. Mwaka 2001 Omani ilianza kazi ya pamoja na watafiti wa Bern, Uswisi: mawe yatafutwe, yaandikwe mahali yalipookotwa, yachunguzwe Uswisi, lakini yawe mali ya Omani. Mwaka uliofuata timu hiyo iliokota Sayh al Uhaymir 169, jiwe la gramu 206 kutoka Mwezini. Mwaka 2011 wawindaji wawili Wamarekani walikamatwa huko na kukaa gerezani takriban miezi miwili kabla ya kuachiwa. Wafanyabiashara wakajua kwamba mlango umefungwa.

Uganda nayo ilionyesha namna nyingine. Mawe yaliponyesha Mbale tarehe 14 Agosti 1992, wataalamu wa Makerere na wenzao wa Uholanzi waliwahoji wakazi na kuorodhesha vipande zaidi ya 800, jumla ya kilo 150 hivi. Kimoja, cha gramu zisizofika nne, kilipita kwenye majani ya mgomba na kumgonga mvulana kichwani bila kumdhuru.

Upande wa wawindaji

Wawindaji nao wana hoja, na si haki kuipuuza. Vimondo vingi vyenye chuma hushika kutu na kumomonyoka. Jiwe lisilotafutwa hupotea kabisa. Mengi ya mawe ya Mirihi tuliyo nayo yaliokotwa na wahamaji wa Sahara kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuyanunua Morocco. Tena, ili kimondo kipya kipewe jina rasmi, taratibu za kimataifa zinataka asilimia 20 ya jiwe au gramu 20, kiasi kilicho kidogo, ziwekwe katika taasisi inayotambulika. Ila taasisi hizo mara nyingi ziko Ulaya, Marekani na Japani. Ndiyo maana kupiga marufuku biashara bila kuwa na maabara, mtunzaji na daftari nyumbani kunaweza kuzaa magendo tu.

Kazi yetu hapa

Februari 2021 kimondo kilianguka mbele ya nyumba moja huko Winchcombe, Uingereza. Familia ile ingeweza kukiuza kwa bei kubwa; ikakikabidhi kwa makumbusho ya London, ileile inayotunza kipande cha Ivuna. Mtoto wa Winchcombe anaweza kwenda London kuliona jiwe la kwao na kurudi siku hiyohiyo. Mtoto wa Ivuna anahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege.

Sisi tuko upande huu wa bahari, na makumbusho hayo hayako mbali nasi. Napendekeza chama kianze na jambo dogo: kuandikia makumbusho ya nchi hii kuomba orodha ya vimondo vilivyotoka Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zake, pamoja na tarehe na njia vilivyoingilia. Orodha hiyo tuitafsiri kwa Kiswahili na kuituma kwa shule za Songwe na Mbale. Walimu wetu wa historia na wenzetu wanaosoma jiolojia wanaweza kutuongoza. Kudai vitu virudi ni mjadala mrefu wenye pande nyingi, na huwezi kuuanza kabla hujajua kilichoondoka ni kipi na kiko wapi.