Mpakani Busia, mpira nao ni dawa

Wengi wetu wa Mombasa tunaijua Malaba kwa masikio tu. Mzigo ukitoka Kilindini kwenda Uganda, dereva hupiga simu akasema amekwama Malaba, nawe ukajua foleni ya malori si ya leo wala kesho. Mtoto wa ami yangu alikuwa mmoja wa madereva hao. Akaoa huko huko, akahamia. Miaka mitatu iliyopita lori lake lilipinduka, akaumia uti wa mgongo. Miguu haikurudi.

Hospitali alikolazwa ilimtibu, ikamfunza kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kisha ikamruhusu kwenda nyumbani. Tiba ikaishia hapo. Nilipomtembelea nilimkuta chumbani, mlango umerudishwa. Akaniambia: "Kaka, hapa kila mtu hunisaidia. Hakuna anayenihitaji."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Wachukuzi wa magurudumu matatu

Nilikodi gari tukaenda Busia, kama kilomita 30 hivi. Nilitaka aone jambo ambalo mji huo unajulikana nalo. Kwa miongo kadhaa, watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao waliopata polio utotoni, wamekuwa wakivusha bidhaa kati ya Kenya na Uganda kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Watu wa forodha walizoea kuwalegezea, na wafanyabiashara wazima wakaona faida ya kuwapa mizigo. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 2007. Waliotazamwa kama mzigo nyumbani wakawa wabeba mizigo, wakaoa, wakajenga, wakaunda umoja wao.

Lakini biashara haikai pale pale. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, ushuru wa bidhaa nyingi za nchi jirani ukapungua, na nafuu ile ya mchukuzi ikapungua nayo. Mwaka 2018 Busia ikafunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani. Ikiwa heshima ya mtu imefungwa kwenye ushuru pekee, ushuru ukishuka naye hushuka. Kinahitajika kitu kingine cha kuwaweka watu pamoja.

Tiba iliyoanzia wodini

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, aliyevunjika uti wa mgongo kwa kawaida hakuishi muda mrefu. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya figo vilimmaliza. Mwezi Februari 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha wagonjwa hao Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru wageuzwe kitandani kila baada ya saa chache, kisha akawaingiza michezoni. Mchezo wa kwanza wa timu ulikuwa polo ya viti vya magurudumu, baadaye ukaja mpira wa kikapu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde hapo hospitalini. Kutoka hapo ndipo ilipokuja Paralimpiki, ya kwanza ikiwa Roma mwaka 1960.

Kwa Guttmann mchezo ulikuwa sehemu ya tiba. Mazoezi hujenga mabega, mgongo na pumzi, na hufunza mtu kukaa wima bila kuanguka. Mazoezi ya peke yake chumbani huchosha haraka, bali mtu akijua wenzake wanne wanamsubiri uwanjani, ataamka.

Michezo mitatu ya kuanzia

Mpira wa wavu wa kukaa ndio rahisi zaidi. Wachezaji sita kila upande huketi chini, kiwanja ni mita 10 kwa 6, na wavu wa wanaume una urefu wa mita 1.15. Kamba na mpira vyatosha kuanza. Unawafaa sana waliokatwa mguu na wengi wenye polio. Wachukuzi wa Busia wanaweza kuegesha baiskeli zao kando wakacheza.

Mpira wa miguu wa magongo huwa na wachezaji saba. Sita hukimbia kwa magongo wakiwa na mguu mmoja, na kipa ni aliyepungukiwa na mkono. Tanzania iliandaa Kombe la Afrika la mchezo huu Dar es Salaam mwaka 2021, na mwaka 2022 timu yao, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki.

Wa tatu ni mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Kila mchezaji hupewa alama kulingana na uwezo wa mwili wake, kuanzia 1.0 kwa mwenye ulemavu mkubwa hadi 4.5 kwa mwenye mdogo. Watano walio uwanjani hawaruhusiwi kuzidi jumla ya 14. Piga hesabu: kocha hawezi kuweka wenye nguvu peke yao. Lazima awe na mtu kama mtoto wa ami yangu. Hapo haingii kwa kuonewa huruma; timu bila yeye haiingii uwanjani.

Tahadhari

Asiyehisi makalio asiburutike kwenye sakafu; acheze kitini, juu ya mto, ajinyanyue mara kwa mara na akague ngozi akirudi nyumbani. Aliyeumia uti wa mgongo usawa wa kifua au juu zaidi, akipata ghafla kichwa kikali na jasho usoni, asimame kucheza, akae wima, na mpira wake wa mkojo uangaliwe kama umeziba. Huenda shinikizo la damu limepanda, na asipopata nafuu mara moja apelekwe hospitali. Watu hao pia joto huwazidi haraka, basi wacheze asubuhi na maji yawe karibu. Na mchukuzi ambaye siku nzima huzungusha mikono asiongezewe kazi ile ile; mabega yake yanahitaji mazoezi ya kuvuta nyuma, na mapumziko.

Yanayowezekana

Rwanda inatufunza. Timu yao ya wanaume ya wavu wa kukaa ilicheza Paralimpiki ya London mwaka 2012, na ndani yake walikuwamo Dominique Bizimana na Jean Rukundo, waliopigana pande mbili tofauti vitani. Ikiwa mpira uliweza kuwaketisha hao pamoja, utashindwaje kumtoa mtu chumbani Malaba?

Ninachoomba si kikubwa. Hospitali za Busia zinapomruhusu mgonjwa wa viungo, zimwandikie siku na mahali pa mazoezi kama zinavyomwandikia dawa. Kaunti itoe kiwanja chenye njia ya kiti kupita, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo afike hapo mara moja kwa wiki. Wachukuzi waombwe kuongoza, maana wao tayari wana umoja na wanajuana. Nasi wa Pwani tusijione tumefika: Bombolulu ipo tangu 1969 ikiwapa walemavu kazi, lakini mitaani kwetu ni viwanja vingapi kiti cha magurudumu kinaweza kuingia?

Tulipokuwa tukiondoka Busia, mchukuzi mmoja alimuuliza mtoto wa ami yangu alikuwa akifanya kazi gani. Wakazungumza malori kwa nusu saa. Nikanunua mpira njiani. Jioni ile, uani Malaba, alikuwa akirushiana na mwanawe, mlango wa chumba uko wazi. Lakini wawili si timu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na viwili vinahitaji mkono mzima.