Tikiti ya Alfajiri

Somo letu la leo ni juu ya nauli.

Mnajua jinsi basi lijaavyo asubuhi, watu wanapokwenda kazini. Saa sita mchana basi lile lile hupita na viti vitupu, na dereva analipwa vile vile. Je, nauli iwe moja kutwa nzima, au ibadilike kwa saa? Swali hili ni la zamani. Tazameni lilivyojibiwa mjini London, Uingereza.

Mwaka 1863 kampuni iitwayo Metropolitan ilifungua huko garimoshi la kwanza lipitalo chini ya ardhi. Mwaka 1864 ikaanza kupeleka magarimoshi mawili ya wafanya kazi: moja saa 11.30 alfajiri, la pili saa 11.40. Nauli ilikuwa peni 3, kwenda na kurudi. Hivyo mabehewa ambayo saa hizo yangelala bure yakaleta fedha.

Kampuni nyingine, Great Eastern, haikuachiwa hiari. Ilitaka kuingiza reli yake katikati ya mji, na kwa ajili hiyo nyumba nyingi za maskini zilibomolewa. Basi sheria ya mwaka 1864 ikaiamuru iwachukue wafanya kazi kutoka Edmonton na Walthamstow kwa peni 2, kwenda na kurudi. Aliyehamishwa mbali apate njia ya kufika kazini. Mwaka 1883 Bunge likatunga sheria ya kuzilazimisha kampuni za reli kuwapa wafanya kazi magarimoshi ya bei nafuu, nazo zikasamehewa kodi ya nauli ndogo.

Lakini unafuu huo ulikuwa wa alfajiri tu. Aliyechelewa alilipa nauli kamili. Wasichana wa kazi walifika mjini mapema mno, milango ya kazi ikiwa bado imefungwa, wakangoja barabarani katika baridi. Kanisa la All Hallows, London Wall, likawafungulia mlango wapate kuketi.

Basi kumbukeni: apangaye nauli hupanga pia saa ya mtu kuamka. Asihesabu viti tu. Ahesabu na watu.

Sasa jadilianeni darasani:
1. Kwa nini tikiti ya alfajiri ilikuwa rahisi?
2. Nani alipata faida, na nani alipata taabu?
3. Ungepewa wewe kupanga nauli, ungefanyaje?